Mbeleko imebeba hata kazi ya barabara

Hapa Dodoma, vigari vya kusukumia watoto vimeacha kuwa kitu cha kuonekana kwenye filamu tu. Jioni jua linapopoa utavikuta Kisasa na Iyumbu, mwisho wa wiki utavikuta Chinangali, na siku za kliniki utaona kimoja au viwili vimeegeshwa nje kwa sababu mlangoni havipiti. Pamoja navyo umekuja ubishi ambao umeshaingia kwenye vikoba vya kina mama, kwenye makundi ya WhatsApp ya mitaa, hadi kwenye vijiwe vya bodaboda wasio na mtoto wala kigari. Kuna wanaosema kigari ni majivuno ya watu waliokuja na makao makuu, na kwamba mtoto wa Kiafrika mahali pake ni mgongoni kwa mama yake. Kuna wanaowajibu kwamba mbeleko imepitwa na wakati, inamvunja mama kiuno na kumpinda mtoto miguu, na mwenye uwezo hana sababu ya kujitesa.

Kwa maoni yangu wote wanabishania kitambaa na magurudumu huku wakisahau pale wanaposimama. Kwa Dodoma, kinachoamua mtoto abebwe au asukumwe ni hali ya barabara, umbo la daladala na saa za kazi za mzazi. Mila na usasa huja baadaye, kuupamba uamuzi ambao mtaro usio na mfuniko umeshaufanya. Mbeleko ina sifa za kweli na nitazitaja. Lakini sehemu ya sifa tunazoimwagia ni sifa za mgongo wa mwanamke unaofanya kazi iliyopaswa kufanywa na mji, na wanaoutetea mgongo huo kwa sauti kubwa mara nyingi ni wanaume ambao hawajawahi kujifunga khanga hata ya kuogea.

Tuanzie tulikotoka. Katika nyanda hizi kavu za Ugogo, ambako msimu wa mvua ni mmoja na shamba laweza kuwa mbali na nyumbani, mtoto alifuatana na mama kokote: shambani, kisimani, mnadani. Kabla vitambaa vya dukani havijaenea, ngozi iliyolainishwa ndiyo iliyofanya kazi hiyo. Baadaye ikaja khanga, ikaja kitenge. Mpaka leo katika familia nyingi za nchi hii mbeleko imo kwenye orodha ya mahari, sambamba na mkaja, kama shukrani kwa mama aliyemlea bibi harusi. Kwa hiyo anayeumia akisikia mbeleko ikiitwa ushamba ana haki ya kuumia. Ila maisha yale yalikuwa na mambo mawili ambayo mji hauna: njia ya mguu isiyopitwa na magari, na watu wa kupokezana mtoto. Bibi alikuwa na mgongo, shangazi alikuwa na mgongo, dada mkubwa naye alikuwa nao. Mama aliyepanga chumba kimoja Nkuhungu, ndugu zake wakiwa Kondoa na wa mumewe wakiwa Kigoma, anabeba peke yake mzigo uliokuwa wa ukoo mzima, kisha tunamwambia anaendeleza mila.

Mji wenyewe nao una historia ambayo wabishi wengi hawaigusi. TANU, chama tawala cha wakati ule, iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Uhamisho ukasuasua kwa zaidi ya miaka arobaini, mpaka msukumo wa mwaka 2016 ulipozileta wizara, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Sensa ya 2022 iliwakuta humo watu 765,179. Kinachosahaulika ni mpango kabambe wa kwanza wa mji huu, ulioandaliwa mwaka 1976 na kampuni ya Project Planning Associates ya Toronto, Kanada. Wapangaji wale waliifikiria Dodoma kama mji wa watembea kwa miguu na wapanda mabasi, wenye makazi yaliyogawanywa katika jumuiya ambamo mahitaji ya kila siku yangekuwa karibu na nyumba. Kwenye karatasi, basi, hakuna mji Tanzania uliopaswa kuwa rahisi kwa kigari cha mtoto kuliko huu. Karatasi ile na njia tunazopita leo hazifahamiani. Mji umekua haraka, viwanja vimepimwa kwa maelfu, na gari binafsi ndilo lililotangulizwa kila pesa ilipopatikana.

Sasa tupime hoja. Wanaoitetea mbeleko wana hoja nzito, na nzito kuliko zote ni ya kitabibu. Huduma ya kangaruu, ambayo mtoto njiti hukaa kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, katika hospitali iliyokuwa na watoto wengi kuliko mashine za kuwatunzia joto. Mwaka 2021 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania. Watoto waliozaliwa na uzito wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8 waliwekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri hali yao itulie kwanza, na vifo vyao katika siku 28 za mwanzo vikapungua kwa asilimia 25 wakilinganishwa na wale waliosubirishwa. Si jambo dogo, na ni sifa kwa nchi yetu kuwa sehemu ya ushahidi huo. Lakini ushahidi huo unahusu kifua, ngozi na siku za kwanza za mtoto dhaifu. Hausemi kwamba mtoto wa mwaka mmoja mwenye kilo tisa ni lazima akae mgongoni toka Majengo hadi Chang'ombe. Anayechukua matokeo ya wodi ya njiti na kumchapia nayo mama mwenye kigari anapiga chuku.

Hoja ya kilio nayo inahitaji kushikwa kwa uangalifu. Mwaka 1986 watafiti wawili wa Montreal, Hunziker na Barr, walionyesha kwamba watoto waliobebwa saa nyingi zaidi kwa siku walilia pungufu kwa asilimia 43 walipofikisha wiki sita. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Haikuzunguka sana habari kwamba utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 1995, ulijaribu jambo hilohilo na haukuipata tofauti ile. Mama aliyewahi kuamka saa nane za usiku, akamfunga mtoto mgongoni na kuzunguka naye chumbani hadi akalala, hatasubiri watafiti wakubaliane, na hana sababu ya kusubiri. Ila safari hii ya chumbani haihusiani na namna ya kumvusha mtoto barabara ya Iringa saa saba mchana. Mbeleko ya kubembelezea na mbeleko ya usafiri ni kazi mbili tofauti za kitambaa kimoja, na ubishi wetu unazichanganya kila siku.

Upande wa pili, hoja dhaifu kuliko zote ni ile ya matege, na inanishangaza jinsi inavyosambazwa na watu waliosoma. Miguu ya mtoto mchanga huwa na upinde kwa sababu ya alivyojikunja tumboni, na kwa kawaida hujinyoosha yenyewe kadiri anavyoukaribia na kuupita mwaka wa pili. Upinde unaozidi au kubaki ni wa kupelekwa hospitali, na moja ya vyanzo vyake vikubwa ni upungufu wa vitamini D na kalsiamu unaolegeza mifupa. Khanga haimo kwenye orodha hiyo. Tena ukimtazama mtoto aliyefungwa vizuri, mapaja yakiwa yametanuka kuukumbatia mgongo wa mama na magoti yakiwa yamepanda usawa wa makalio au zaidi, unaona mkao ambao madaktari wa mifupa wanautaka. Mwaka 2015 madaktari walioandika kutoka Malawi walieleza kwamba tatizo la nyonga kutokaa sawasawa katika kikombe chake, ambalo ni maarufu katika jamii zinazowafunga watoto miguu ikiwa imenyooka, kwao ni nadra mno, na wakalihusisha jambo hilo na desturi ya kubeba watoto mgongoni. Kwa hiyo mwenye kigari atafute hoja nyingine. Anazo, na ni nzuri kuliko hiyo.

Kabla sijazifikia, niitoe njiani hoja moja ya watetezi wa mbeleko ambayo haiwasaidii hata kidogo: kwamba "hata Wazungu sasa wanaturudia." Ni kweli kwamba Ann Moore, muuguzi wa Kimarekani aliyefanya kazi Togo mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwaona akina mama wa huko wakibeba watoto mgongoni, akarudi kwao na kutengeneza kibebeo kilichopewa hataza mwaka 1969 na kuuzwa kwa jina la Snugli. Ni kweli pia kwamba vibebeo vya aina hiyo leo vinarudi huku kwetu vikiuzwa ghali kuliko doti kadhaa za khanga. Lakini mtu anayehitaji idhini ya Marekani ili aiheshimu khanga ya bibi yake anafanana kabisa na yule anayehitaji kigari ili ajione wa mjini. Wote wanatazama ng'ambo. Na kigari chenyewe kina historia ya kawaida mno: aina nyepesi inayokunjwa kama mwavuli ilibuniwa mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege wa Uingereza, baada ya kuona taabu ya binti yake kusafiri na kigari kizito pamoja na mtoto. Alikuwa babu anayetafuta wepesi wa kumbeba mjukuu, basi.

Hoja ya kwanza ya kweli ya kigari ni uzito. Mtoto wa mwaka mmoja ana kama kilo tisa. Ndoo ya maji ya lita 20 ina kilo 20, na katika mji ambao bomba halitoki kila siku, wapo wanawake wanaobeba vyote viwili kwa wakati mmoja. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anakatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, kisha tunamtarajia aje kliniki na mtoto mgongoni na fundo la kitenge juu ya mshono. Mwenye mapacha hufunga mmoja mbele na mwingine nyuma, nasi tunampiga picha kwa kumstaajabia badala ya kumpokea mmoja. Halafu yupo dada wa kazi. Tunaposema "mgongo wa mama" tunajidanganya kidogo, maana katika nyumba nyingi za Dodoma mgongo unaofanya kazi kutwa ni wa binti aliyeletwa kutoka kijijini, mara nyingine akiwa bado na umri wa kuwa shuleni, anayefua, kupika na kufagia akiwa na mtoto wa tajiri wake mgongoni. Huyo hajaulizwa hata siku moja kama anapenda mila.

Hoja ya pili haisemwi sana, nayo ni ya wanaume. Baba akijifunga mtoto kwa khanga na kukatiza stendi ya Sabasaba, atachekwa mpaka afike nyumbani. Baba huyohuyo akisukuma kigari anatazamwa tu, na baada ya wiki mbili hatazamwi tena. Unaweza kusema hilo ni tatizo la wanaume na fahari zao, na utakuwa umesema kweli. Lakini kama kifaa kinamfanya baba au babu amchukue mtoto kwa saa mbili ili mama alale, sioni kwa nini tukikatae kwa sababu kimeupitia udhaifu wa wanaume badala ya kuusubiri upone. Nimewasikia wanaosema kigari kinaua upendo kwa sababu kinamtenga mtoto na mwili wa mzazi. Hapa nao ushahidi ni mwembamba kuliko wanavyodhani. Mwanasaikolojia Suzanne Zeedyk wa Dundee, Uskoti, alichapisha mwaka 2008 utafiti uliotazama maelfu ya wazazi na watoto barabarani. Wazazi waliowasukuma watoto wakiwa wametazamana nao walikuwa na uwezekano mara mbili wa kuzungumza nao kuliko wale ambao watoto wao walitazama mbele. Kilicholeta tofauti, basi, ni mwelekeo wa kiti. Na mtoto aliye mgongoni, tukubaliane, naye haoni uso wa mtu. Anasikia sauti na mapigo ya mwili, hiyo ndiyo faida yake.

Kila kifaa kina hatari zake, na ubishi wa mtaani hauzitaji kwa sababu haziusaidii upande wowote kushinda. Mwaka 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vibebeo vya kitambaa vinavyoning'inia kama mfuko, ikataja vifo visivyopungua 14 katika kipindi cha miaka 20, vingi vya watoto wa chini ya miezi minne ambao kidevu kiligota kifuani au pua ikabanwa na kitambaa. Mbeleko yetu ya mgongoni si mfuko ule, ila tuna tabia inayokaribia hatari ileile: upepo wa Dodoma ukiinua vumbi, tunamfunika mchanga gubigubi, kichwa na yote, na mama hawezi kumwona anavyopumua. Kigari nacho kinamshusha mtoto chini. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, walieleza mwaka 2018 kwamba pumzi ya mtoto kwenye kigari iko kati ya sentimita 55 na 85 kutoka ardhini, na kwamba anaweza kuvuta uchafu wa magari hadi asilimia 60 zaidi ya mtu mzima anayetembea naye. Huko ni barabara za lami. Kwa mtaa wetu wa vumbi, ambao bajaji ikipita mtu mzima anaziba pua, huhitaji mtafiti kujua nani anakula vumbi zaidi. Na ukikitandazia kigari khanga nzito kuzuia jua la Oktoba, unaufunga upepo pia, joto linabaki ndani na mtoto.

Nimefika kwenye kiini. Chukua safari ya kawaida kabisa, kutoka soko la Majengo kuelekea Nyerere Square. Njia ya waenda kwa miguu inaanza vizuri, vitofali vimepangwa, unajisikia uko makao makuu. Hatua chache mbele kuna pikipiki zimejipanga juu yake zikisubiri abiria, mbele yake gari limepandishwa magurudumu mawili, mbele yake meza ya viatu vya mtumba. Unashuka barabarani. Kushuka kwenyewe ni kuruka ukingo wa zege usio na mteremko, na mwenye kigari analazimika kukibeba juu juu pamoja na mtoto. Ukirudi juu unakuta mtaro ambao mifuniko yake miwili imevunjika. Hapo bado uko katikati ya mji. Toka nje ya lami, ingia Ilazo ya ndani, Nzuguni, Mkonze, Miyuji, na mchanga unaanza. Magurudumu ya vigari vingi ni madogo na magumu, yametengenezwa kwa sakafu na vibaraza laini, na kwenye mchanga yanazama. Wakati wa masika yale makorongo yanayokatwa na maji katikati ya mtaa yanamaliza mjadala. Niliwahi kumtembeza mpwa wangu kwa kigari huko; lami ilipoisha nikamaliza safari mtoto akiwa mkono mmoja na kigari kimekunjwa mkono wa pili. Barabara ya namna hiyo haina haja ya kumuuliza mtu kama ni wa kisasa au wa mila.

Daladala nazo zimeshapiga kura yao. Kwenye Hiace yenye watu wanne kwa kiti na konda anayening'inia mlangoni, kigari hakina mahali. Mama mmoja niliyemuuliza kituoni kwa nini chake kinabaki nyumbani alinijibu, "Kaka, nikiweke wapi, kichwani kwa konda?" Mtoto wa mbeleko anapanda bure na halalamikiwi na mtu. Kwa hiyo anayeona wanawake wengi wakiwa na mbeleko kwenye daladala na kuhitimisha kwamba wameichagua, anasoma jambo nusu. Huenda wangeichagua hata kama mlango ungekuwa mpana, na nadhani wengi wangefanya hivyo. Lakini hatuwezi kujua mtu angechagua nini mahali ambapo pana njia moja tu.

Kuna pingamizi la haki hapa, na nimelisikia kwa watu ninaowaheshimu: kigari kipya kinauzwa laki kadhaa, wenye nacho ni wachache na wengi wao wana magari, je, fedha za umma zitumike kuwatengenezea vibaraza watu wa Iyumbu wakati kuna mitaa haina hata kalavati? Lingekuwa pingamizi zito kama njia laini ingetumiwa na vigari peke yake. Lakini mteremko mdogo kwenye ukingo wa zege unamfaa mwenye kiti mwendo, ambaye Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilikwisha kumwahidi mji unaofikika. Mfuniko wa mtaro unamfaa asiyeona mwenye fimbo nyeupe, mzee wa magoti, mwanafunzi anayetoka shule giza likiingia, mwenye mkokoteni wa maji. Na unamfaa zaidi mama wa mbeleko, kwa sababu yeye akianguka wanaanguka wawili. Mwenye kigari anaweza kugeuza akarudi nyumbani kumchukua mumewe na gari. Huyu wa mbeleko hana pa kurudi, anaruka mtaro akiwa na mtoto mgongoni na mboga mkononi, nasi kwa kuwa anaruka kila siku tunadhani mtaro hauna tatizo. Kilichofanywa na vigari vichache vya Dodoma ni kupima barabara kwa kipimo ambacho mgongo wa binadamu hauwezi kutoa: kigari kikikwama, hakijikazi.

Lipo pia jambo ambalo kitambaa na magurudumu vyote haviligusi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini inampa hadi saa mbili kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Baba anapewa siku tatu. Sasa mchukue mtumishi wa wizara iliyoko Mji wa Serikali, Mtumba, kilomita kama 17 kutoka katikati ya jiji, anayeishi Nkuhungu, upande wa pili kabisa. Saa mbili hizo zinaishia barabarani, kwenda na kurudi, na akifika amechoka na mtoto amelala. Matokeo yake mtoto wa miezi mitatu habebwi na mama wala hasukumwi. Anabaki na dada. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ambayo ilizinduliwa hapa hapa Dodoma Desemba 2021, inaweka malezi yenye mwitikio kuwa moja ya nguzo zake tano. Mwitikio maana yake mtoto akilia, pawepo mtu wake wa kumjibu. Kituo cha kulelea watoto ndani ya eneo la ofisi, ambacho mama anakifikia kwa dakika tano za mguu, kingefanya kwa nguzo hiyo kazi kubwa kuliko semina nyingi. Wanaoilinda mbeleko kama urithi wangeanzia hapo, maana mbeleko isiyo na mtoto ndani yake saa tisa kwa siku ni kitenge tu.

Kuhusu barabara, ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji mpango kabambe mwingine. Kabla njia ya mtaa haijapokelewa kutoka kwa mkandarasi, iwe ya TARURA au ya TANROADS, wakala za barabara za serikali, msimamizi asukume kigari chenye mzigo wa kilo kumi kutoka mwanzo wa njia hiyo hadi mwisho, bila kukinyanyua. Kikikwama, malipo ya mwisho yasubiri. Miteremko ya kando ni gharama ndogo sana ikiwekwa wakati zege bado bichi. Ni gharama na usumbufu ukija kulibomoa zege baadaye. Dodoma bado inajengwa, mitaa mingi haijaona lami, na hiyo ni nafasi ambayo Kariakoo waliipoteza zamani. Kwa zile zilizokwisha kujengwa, mifuniko ya mitaro irudishwe na pikipiki zitengewe mahali pake, maana kijana wa bodaboda anaegesha juu ya kibaraza kwa sababu hakuonyeshwa pengine.

Hayo yakifanyika, sitarajii Dodoma ijae vigari. Mama mwenye mchanga ataendelea kujifunga khanga, kwa sababu mikono inabaki huru na mtoto analala. Anayepanda Hiace ataendelea, na anayekwenda mnada wa Msalato ataendelea. Watakaobadilika ni wengine: mwenye mapacha, aliyetoka kwenye upasuaji, mwenye mtoto wa miaka miwili anayegoma kutembea kila jua likichomoza utosini, baba anayeona haya na babu aliyeachiwa mjukuu asubuhi nzima. Na yule binti wa kazi, ikiwa mwajiri wake atakumbuka kwamba kigari kilichoegeshwa sebuleni kimenunuliwa kitumike.